Risala ya Wahitimu wa Uuguzi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuvikwa Pini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Kwa heshima na taadhima, sisi wahitimu wa uuguzi, tunaovikwa leo pini, yaani beji ya muuguzi mpya, tunakukaribisha tena katika chuo hiki cha jamii, ambacho kabla ya kukualika kama mgeni kilikulea kama mwanafunzi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hadi katikati ya karne iliyopita wauguzi wengi hapa Marekani walifundishwa na hospitali zenyewe kwa miaka mitatu, wakitumika wodini huku wakisoma. Mwaka 1952 ulianza mradi ulioongozwa na Mildred Montag wa kuwafundisha katika vyuo vya jamii kwa miaka miwili, na mlango ukafunguka kwa mwenye watoto, mwenye kibarua na asiyemudu ada ya chuo kikuu. Wewe uliingia kwa mlango huo. Ulikuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, ukija darasani moja kwa moja kutoka zamu, hadi ukafaulu NCLEX-RN, mtihani uleule wa leseni anaoufanya mhitimu wa miaka minne. Ukaanza na zamu za usiku wodini, ukahamia chumba cha wagonjwa mahututi, na katikati ya zamu hizo ukasomea shahada ya kwanza, kisha ya uzamili. Tumeyataja kwa haraka, lakini tunajua hayakwenda haraka.

Lililotugusa zaidi ni kwamba ulirudi. Muhula uliopita, siku moja kila wiki, ulikuwa nasi katika maabara ya mafunzo. Mwenzetu mmoja alikuwa akijifunza kuweka dripu kwenye mkono wa sanamu, mkono uliochomwa mara nyingi hata ngozi yake ya mpira imejaa vitundu. Alifunga mkanda wa kubana mkono, akaupapasa mshipa, akaupata kwa sindano ya kwanza, nasi tukapiga makofi. Wewe hukupiga. Ulimsogelea ukamwambia kwa upole, "Mgonjwa wako hujamsalimia." Akaanza upya: akanawa mikono, akajitambulisha, akauliza jina na tarehe ya kuzaliwa, akaeleza anachotaka kufanya, ndipo akashika sindano. Tangu siku ile, kila tulipoingia chumba cha mgonjwa, salamu ilitangulia mikono yetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kila mwaka shule za uuguzi nchini hukataa maelfu ya maombi ya watu wenye sifa, na sababu mojawapo kubwa ni uhaba wa wakufunzi, kwa kuwa muuguzi mwenye uzamili mara nyingi hulipwa zaidi hospitalini kuliko darasani. Kwa hiyo siku uliyotupa kila wiki tunaithamini kwa kipimo chake halisi. Tunakuomba uwashawishi wauguzi wenzako nao wajitolee, na pale wasipoweza kuja chuoni, wawapokee wadogo zetu wodini na kuwaacha waambatane nao zamu nzima. Tunaomba pia uendelee kukaa na wale wanaojiandaa kwa mtihani wa leseni, maana hofu yake unaifahamu.

Sasa tunakuomba usimame utuvike pini, ukianza na mwenzetu yule wa dripu, ambaye ameomba awe wa kwanza.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu wa Uuguzi