Mgonjwa wa saratani ya matiti atembelewe kabla ya kisu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme machache juu ya makala yenu kuhusu wanawake waliopona saratani ya matiti. Makala ilikuwa nzuri, picha nzuri zaidi, na wote waliohojiwa walikuwa wakicheka. Sina ugomvi na kicheko chao. Ila kila Oktoba, mwezi wa kuhamasisha watu juu ya saratani ya matiti, ninatafuta habari za yule ambaye hajapona wala hajakatwa, aliyepewa majibu juzi na tarehe ya upasuaji anayo mkononi, na sizioni.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikatwa titi la kushoto miaka kadhaa iliyopita. Bonge la pamba nililopewa wodini halikunipendeza, nikajishonea titi la kitambaa. Mwenzangu wa kitanda cha jirani akaliona, akataka lake, na tangu hapo wanakuja, mmoja akimleta mwingine. Hakuna kibao mlangoni. Mtu anaingia na kitambaa cha gauni, anazungukazunguka na habari za mikono mirefu au mifupi mpaka wateja wengine waondoke. Ndipo anasogea: "Fundi, nimeambiwa wewe unaelewa."

Kazi yenyewe ina mambo yake. Titi la kitambaa lisipotiwa uzito linapanda, na sidiria inapanda nalo upande mmoja, kwa hiyo chini ninatia shanga kidogo. Ninapompima, utepe unapita juu ya kovu naye hausikii, maana kisu kimepita kwenye mishipa ya fahamu na ngozi ya pale imebaki na ganzi, wakati mwingine hadi upande wa ndani wa mkono. Wengi wanashtuka kuuona utepe umewagusa bila kuuhisi. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza, na kila mmoja kwa namna yake ananiambia lile lile: hakuna aliyemwambia.

Hakuna aliyemwambia kwamba ataamka ana mpira umetokea ubavuni unaotoa maji na damu kwenda kwenye chupa, na kwamba huenda akarudi nyumbani nayo chupa hiyo. Hakuna aliyemwambia kwamba mkono wa upande ule utakataa kunyanyuka hata kuchana nywele mpaka aufanyishe mazoezi polepole, wala kwamba tezi za kwapani zikiondolewa mkono unaweza kuvimba, hata miaka mingi baadaye. Mmoja alikuwa akisikia chuchu inamwasha, na chuchu haipo. Alikaa na siri hiyo, hata mumewe hakumwambia, akidhani akili imemruka. Nilipomjibu kwamba mimi pia huwa inaniwasha, alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Madaktari wanayajua haya yote, na pengine waliyasema. Lakini mtu akishaambiwa ana saratani, yanayofuata hayamwingii. Mimi nilielezwa mlango ukiwa wazi na foleni ikisubiri nje, na nilichokikumbuka nilipofika nyumbani ni rangi ya faili. Kuna mambo lazima yarudiwe siku nyingine, na mtu asiyetazama saa.

Utaniambia ndugu na marafiki wapo. Wapo, na Mungu awabariki. Ila wanakuja baada ya upasuaji, kwa mkupuo, na mgonjwa ndiye anayegeuka kuwaliwaza wao. Kila mmoja ana habari ya shangazi wa rafiki yake aliyekuwa na ugonjwa huo huo, na shangazi huyo mara nyingi alikufa. Halafu kuna wale wa "titi si kitu bwana, watoto umeshazaa." Sijamwona hata mmoja kati yao aliyejitolea la kwake.

Ninachopendekeza, kwamba mgonjwa atembelewe na mtu aliyepita njia hiyo hiyo, kina historia. Mwaka 1952 mwanamke wa New York aitwaye Terese Lasser alikatwa titi, akaona hakuna wa kumweleza ataishije. Akaanza kuwatembelea waliofanyiwa upasuaji kama yeye. Aliwapelekea titi la muda la kuvaa, mpira mdogo na kamba ya kufanyia mazoezi ya mkono. Wapo madaktari ambao hawakumtaka wodini kwao. Mwaka 1969 Shirika la Saratani la Marekani likaichukua kazi yake, inayojulikana kwa jina la Reach to Recovery, na leo ina matawi katika nchi nyingi. Kama fundi, ninachokipenda zaidi ni ule mfuko. Hakwenda mikono mitupu na maneno ya faraja. Alikwenda na kitu cha kuvaa na kitu cha kufanya.

Nyongeza yangu mimi ni kuhusu muda. Mtembeleaji aende kabla ya upasuaji.

Kuna mama mmoja alikuja kwangu siku chache kabla ya kulazwa, na hakuja kupima chochote. Alikuja kuona. Nilifunga mlango, nikavua blauzi. Aliangalia kwa muda mrefu, kisha akaomba kugusa, akagusa kwa ncha ya kidole kutoka kifuani mpaka kwapani kovu linapoishia. Nilitegemea ataniuliza kuhusu kufa. Akaniuliza ninafungaje sidiria peke yangu ikiwa mkono haufiki mgongoni. Nikamwonyesha: unafunga vishikizo mbele, kisha unaizungusha. Akaijaribu juu ya gauni lake, mara ya kwanza ikamshinda, mara ya pili ikakubali. Nikamwambia aende hospitali na blauzi ya vifungo mbele, maana ya kuvalia kichwani haitapita, na ile aliyokuwa nayo nikaishonea mfuko kwa ndani wa kuwekea chupa ya maji ya kidonda asitembee ameishika. Nikamwambia pia kwamba hana deni la kujiangalia kwenye kioo siku ile ile bandeji inapofunguliwa. Atajiangalia akiwa tayari, peke yake au na amtakaye. Alipoondoka bado alikuwa na hofu, lakini alikuwa anajua anachokiogopa.

Ziara kama hiyo inahitaji nini? Kiti, chumba chenye mlango unaofungika, na muuguzi mwenye orodha ya waliopita njia hiyo na wako radhi kuitwa. Wateuliwe kwa uangalifu. Asiende ambaye kidonda chake cha moyo bado kibichi, wala mwenye dawa za kuuza, wala asiyejua kunyamaza. Wafundishwe kutotoa ushauri wa tiba. Habari za dawa za saratani (kemo), mionzi, kukata titi zima au uvimbe peke yake ni za daktari.

Wala siwavunjii heshima washauri nasaha. Yapo yanayonizidi. Mwanamke asiyelala wala kula kwa majuma, au anayesema bora asingeamka, huyo si wa kuzungumza na fundi cherehani, ni wa kupelekwa kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Hospitali zinaweza kuwatambua mapema. Kuna karatasi yenye mchoro wa kipimajoto, kuanzia 0 hadi 10, mgonjwa anaweka alama kuonyesha dhiki aliyokuwa nayo juma hilo. Akifika 4 au zaidi, anatakiwa aulizwe zaidi. Joto la mwili tunapimwa kila asubuhi wodini. Hili la pili mimi sikuwahi kuulizwa.

Jambo moja tusidanganyane. Mwaka 1989 Dk. David Spiegel wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa utafiti ulioonyesha kwamba wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa waliokutana katika vikundi vya kusaidiana waliishi muda mrefu zaidi. Watu walifurahi sana. Utafiti mkubwa zaidi wa Canada, uliotoka mwaka 2001, haukuona nyongeza hiyo ya maisha, na Spiegel mwenyewe aliporudia kazi yake, majibu aliyoyatoa mwaka 2007 nayo hayakuionyesha. Kilichoonekana Canada ni kwamba dhiki na maumivu vilipungua, hasa kwa waliokuwa na hali mbaya zaidi. Kwangu hiyo inatosha kabisa kuwa sababu. Lakini inakataza kumwambia mgonjwa kwamba akijipa moyo atapona, kwa sababu ugonjwa ukirudi atajiuliza ni siku gani alilegea. Nimewasikia wakijiuliza hivyo, nikiwa na utepe shingoni.

Na tusiwasahau wanaume. Ni wachache, hawafiki hata mmoja katika kila wagonjwa mia wa saratani ya matiti, ndiyo maana hata kwenye picha zenu hawamo. Mmoja alikuja kwangu akitaka bitana nene upande mmoja tu wa shati. Hakueleza sababu, nami sikumuuliza. Alipolijaribu akasema alipokuwa kliniki karani alimwita "Bi" mbele za watu, akajisikia aibu kuinuka. Naye anahitaji wa kumtembelea, na itachukua kazi zaidi kumpata.

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligundulika na saratani ya matiti. Wengi wao walikuwa na siku kadhaa kati ya majibu na upasuaji. Siku hizo ndizo ninazoziombea nafasi gazetini. Oktoba ijayo, Ndugu Mhariri, mtumeni mwandishi wenu akae na mtu mmoja aliye katika siku hizo, akikubali, bila picha wala jina, amuulize anataka kujua nini. Kisha yachapeni maswali yake pamoja na majibu ya daktari, ya muuguzi na ya mwanamke aliyekatwa. Kwa hilo la tatu, mimi nipo, na mashine inaweza kusimama kwa nusu siku.

Fundi cherehani, msomaji wenu