Sampuli ya watu 385: lini inatosha, lini haitoshi

Swali tunaloletewa mara nyingi kuliko mengine ni fupi: nihoji watu wangapi? Anayeuliza aghalabu ana jibu tayari, 384 au 385, na anachotafuta ni mtu wa kuligongea muhuri. Namba hiyo si ya uongo. Ina kazi yake moja, na matatizo huanza inapobebeshwa kazi nyingine.

Inatokana na fomula ya Cochran. Chukua thamani ya kiwango cha uhakika, ambayo kwa asilimia 95 ni 1.96, uipige mraba. Zidisha kwa p na kwa 1 − p, kisha gawanya kwa mraba wa kiwango cha makosa unachoruhusu, yaani umbali ambao jibu la sampuli linaweza kupishana na la kundi zima, juu au chini. Herufi p ni sehemu ya watu unaotarajia wawe na sifa unayoipima. Usipoijua unaweka 0.5, kwa kuwa hapo ndipo fomula hudai sampuli kubwa kuliko zote, hivyo huwezi kupungukiwa. Kwa makosa ya asilimia 5: 3.8416 × 0.25 ÷ 0.0025 = 384.16. Desimali hapa hupandishwa daima, ndiyo maana 385 ni sahihi kuliko 384.

Ukishusha makosa hadi asilimia 3 unahitaji watu 1,068. Ukiridhika na asilimia 10, watu 97 wanatosha. Kupunguza makosa kwa nusu kunadai sampuli mara nne, kwa hiyo kabla hujaandika "asilimia 2" kwenye pendekezo lako la utafiti, hesabu kwanza siku za kazi na idadi ya wadodosaji.

Namba 385 hudhania kundi lengwa ni kubwa sana. Kundi likiwa dogo, inapungua. Tuseme shirika lina wafanyakazi 1,200: unagawanya 384.16 kwa 1 + (383.16 ÷ 1,200), unapata 292. Fomula ya Yamane, ambayo wanafunzi wengi huipenda kwa urahisi wake, inatoa 1,200 ÷ (1 + 1,200 × 0.0025) = 300. Tofauti hiyo haina maajabu. Yamane anatumia 2 mahali pa 1.96 na p ya 0.5 imeshafungiwa ndani, hata kama mtumiaji hajui. Ukiandika kwenye tasnifu kwamba umetumia Yamane kwa uhakika wa asilimia 99, msimamizi makini atakurudisha, maana fomula hiyo haina mahali pa kubadilishia kiwango cha uhakika.

Kuna pia ile kanuni ya kuchukua asilimia 10 ya walengwa. Kwa wafanyakazi wetu 1,200 inakupa watu 120 na makosa ya asilimia 8.5 hivi. Kwa walengwa 50,000 inakupa watu 5,000, ilhali kwa makosa ya asilimia 5 Yamane angeridhika na 397, na kwa walengwa 500,000 na 400 tu. Kundi likishakuwa kubwa, ukubwa wake hauongezi chochote cha maana kwenye hesabu. Kanuni hiyo hatuipendekezi.

Pale 385 inapovunjika

Fomula zote hizi zinakadiria asilimia moja ya kundi zima. Lakini malengo ya utafiti mara nyingi yanasema "kulinganisha". Ukitaka kuonyesha kwamba asilimia 50 katika kundi moja na asilimia 60 katika lingine ni tofauti ya kweli wala si bahati, kwa uhakika wa asilimia 95 na uwezekano wa asilimia 80 wa kuinasa tofauti hiyo, unahitaji karibu watu 390 katika kila kundi. Jumla inakaribia 780. Vilevile, kama ndani ya sampuli yako ya 385 kuna watu 30 tu wenye ulemavu, matokeo yao peke yao yana makosa ya takriban asilimia 18 kila upande. Hayafai kuandikiwa hitimisho.

Wasiojibu nao hukosewa hesabu. Ukitarajia asilimia 20 wasirudishe hojaji, usizidishe 292 kwa 1.2. Unapata 351, na asilimia 80 ya hao ni 281 tu. Gawanya kwa 0.8: ni watu 365. Nyongeza hii huokoa idadi, haiokoi ubora. Kama wanaokataa ndio wenye malalamiko, sampuli imepinda hata ikitimia. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi za kura kama milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, na likatabiri kwamba Landon angeshinda urais. Roosevelt alishinda kwa karibu asilimia 61 ya kura. Majina yalikuwa yametoka kwenye vyanzo kama orodha za simu na za wenye magari, na waliojibu hawakufanana na walionyamaza.

Kuwapata wenyewe

Orodha ndiyo msingi. Ondoa waliojirudia, waliohama na waliofariki kabla ya kupiga hesabu yoyote. Kwa uteuzi nasibu wa kawaida, yaani kila mtu ana nafasi sawa ya kuchaguliwa kwa bahati, kwenye Excel weka RAND(), inayotoa namba ya bahati, kando ya kila jina, kisha nakili safu hiyo na uibandike kama thamani kabla ya kuipanga. Usipofanya hivyo namba zinabadilika kila unapogusa laha, na huwezi tena kumwonyesha mtu ulivyochagua.

Uteuzi wa kuruka kwa hatua ni mwepesi zaidi: 1,200 ÷ 292 ni 4.1, basi chukua kila wa nne, ukianza na namba ya bahati kati ya 1 na 4. Utaishia na watu 300. Angalia tu orodha imepangwaje. Ikiwa imepangwa kwa timu za watu wanane, kiongozi akitangulia, ukianza na 1 nusu ya sampuli yako ni viongozi. Ukianza na 2, 3 au 4, humpati hata mmoja.

Matabaka hutibu hilo: unagawa orodha kwa makundi, kama idara, kisha unachagua ndani ya kila moja. Idara za watu 600, 420 na 180 zinagawana 292 kwa uwiano: 146, 102 na 44. Kama unataka idara ndogo izungumziwe peke yake, 44 ni wachache; ipandishe hadi 90. Hapo kila mhojiwa wa idara hiyo anawakilisha watu 2, na wa idara kubwa anawakilisha 4.1. Uzito huo lazima uingie kwenye uchambuzi, na ndio hatua inayosahaulika kuliko zote.

Walengwa wakitawanyika, huchaguliwa vijiji au madarasa kwanza, kisha watu ndani yake. Watu wa mahali pamoja hufanana, kwa hiyo sampuli lazima ipanuke. Zidisha kwa 1 + (m − 1) × ufanano, ambapo m ni idadi ya watu unaowahoji katika kila kijiji, na ufanano ni kipimo cha jinsi majibu yao yanavyofanana. Ufanano ukiwa 0.05 na m ikiwa 20, 385 inakuwa 751. Ukihoji 10 kila kijiji inakuwa 559, ila vijiji vinaongezeka kutoka 38 hadi 56. Nauli ndiyo itakayoamua.

Mdodosaji akikuta mlango umefungwa, asichukue jirani aliyepo nyumbani. Arudi siku na saa nyingine, angalau mara mbili. Na ukisambaza kiungo kwenye makundi ya WhatsApp, unaweza kuripoti ulichopata, lakini usiandike "makosa ya asilimia 5", kwa kuwa hakuna uteuzi nasibu uliofanyika. Usaili wa kina nao hauhitaji fomula hizi. Huko unaendelea hadi mahojiano mapya yasilete hoja mpya.

Ukitaka tukukokotolee sampuli, tutumie malengo mahsusi kama yalivyoandikwa, idadi ya walengwa kwa kila tabaka, makundi unayotaka kulinganisha na tofauti ndogo kabisa ambayo ina maana kwako, idadi ya wadodosaji na siku ulizonazo. Tukishavipata tutakurudishia hesabu yote, mstari kwa mstari, uweze kuitetea mwenyewe mbele ya jopo.