Ukarabati usio na bisibisi

Mwanangu Zaina,

Salamu kutoka Jinja. Sote wazima. Umeme umekatika tangu asubuhi, kazi zimelala mezani, basi nimepata nafasi ya kukujibu lile swali lako la kwenye simu, kama ni kweli kuna chombo cha anga cha tangu 1977 ambacho bado kinafanya kazi.

Ndiyo, ni kweli. Voyager 1, chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, ilirushwa kutoka Florida Septemba 1977, enzi za Amin, na bado inatuma habari. Pacha wake, Voyager 2, ilitangulia kuondoka kama wiki mbili. Hiyo ndiyo iliyopita karibu na Uranusi tarehe 24 Januari 1986. Nani hapa angejua? Kampala ilikuwa vitani, na siku mbili baadaye ikaingia mikononi mwa NRA, jeshi la msituni la Museveni. Redio ya babu yako ilitafuta habari moja tu: nani ameshika mji.

Lakini wewe unasomea kompyuta na mimi ni fundi redio, kwa hiyo tuziache sayari. Mimi kinachonishangaza ni ukarabati. Voyager 1 iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka kwetu, na transmita yake ni ya wati 23 hivi tu. Novemba 2023 ikaanza kutuma takataka, data isiyosomeka. Wahandisi wa NASA kule California wakachunguza miezi kadhaa, wakagundua chipu moja ya kumbukumbu imekufa. Mimi ningefungua kifuniko, nichomoe mbovu, nichomelee nyingine. Wao bisibisi wataipeleka wapi? Waliikata programu iliyokuwa kwenye chipu hiyo vipande vipande, wakavitafutia nafasi kwingine kwenye kumbukumbu iliyobaki. Na kompyuta zake zote pamoja hazifikishi kilobaiti 70! Amri wakaituma tarehe 18 Aprili 2024. Kufika, saa 22 na nusu. Jibu kurudi, vilevile. Tarehe 20 wakapata data inayosomeka.

Kwa hiyo ukinilalamikia tena kwamba mwalimu wenu anawabana kwa kila baiti, jua niko upande wake.

Umeme wake unatokana na joto la plutoniamu, nao hupungua wati 4 hivi kila mwaka, ndiyo maana wanazima vifaa kimoja baada ya kingine. Mgao wa umeme hata huko!

Halafu kuna habari ya kumfurahisha jaja, bibi yako. Ubavuni mwa kila Voyager imefungwa santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye salamu za lugha 55. Kiswahili chetu hakimo, na hilo linaniuma kidogo. Kiganda kimo: sauti inawasalimu watu na kuwaombea kwa Mungu amani ya kila siku. Ukija likizo, ipakue kwenye simu tumsikilizishe jaja. Namjua yule: ataiitikia, kisha aulize huyo anayesalimu ni mtoto wa nani.

Baba yako