Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mwaka wetu na shamba la Meslay

Wanachama wenzangu, habari za siku nyingi. Mwaka huu chama kilikaa na kitu kimoja tu, Grange de Meslay, lile shamba lenye ngome hapa jirani na mji wa Tours, Ufaransa, na nimefurahi sana maana huko nyuma tulikuwa tunazunguka makasri ya wafalme ya bonde la mto Loire, tunapiga picha tunarudi, na habari za chakula chao kililimwa wapi na nani hatuzigusi kabisa.

Kwa ambao hamkupata nafasi ya kuja: shamba lilikuwa la watawa wa abasia (monasteri) ya Marmoutier, ile aliyoianzisha Mtakatifu Martin karne ya 4. Abate, yaani mkuu wa watawa, Hugues des Roches ndo alijenga lango kubwa na ghala, mnamo 1220 hivi. Sasa ukuta wa nini shambani? Mavuno ya mwaka mzima yakikaa sehemu moja hiyo ndo benki ya watawa, wezi wanajua na askari wenye njaa wanajua zaidi.

Wengi walikwama langoni na simu zao, ila kwangu mimi ghala ndo lenyewe. Urefu kama mita 60, upana kama 25, na ndani safu nne za nguzo za mti wa mwaloni zinaligawa njia tano. Ukisogea kwenye maungio unaona ulimi wa boriti umeingia kwenye tundu la nguzo halafu ukapigiliwa kigingi cha mti, na limebeba paa lote lile mpaka leo. Tena hilo sio paa la kwanza, la kwanza liliungua 1422 kwenye Vita vya Miaka Mia, Waingereza na Wafaransa, kuta zikabaki, watawa wakaezeka upya karne hiyohiyo.

Baada ya Mapinduzi ya 1789 mali za kanisa zikataifishwa zikauzwa. Kanisa la Marmoutier likabomolewa, ghala la Meslay likabaki, na mimi naamini ni kwa sababu mkulima yeyote anayenunua shamba anahitaji pa kuweka mazao, kanisa kubwa la watawa angelifanyia nini. Mwaka 1963 mpiga piano Sviatoslav Richter akaliona ghala, akalipenda, na 1964 akaanzisha humohumo tamasha la muziki ambalo bado lipo.

Mambo ya chama sasa. Hesabu atazisoma mhazini, mimi nawashukuru tu waliojitolea magari yao na akina mama walioandaa chakula. Vijana walikuja wachache, hilo linaniuma, naomba wazazi mtusaidie. Mwakani kamati inapendekeza twende Marmoutier kwenyewe, kuna lango la Crosse limesimama bado, la enzi za abate huyohuyo. Anayeunga mkono anyooshe mkono leo, na ada tulipe mapema ili basi likodiwe kwa wakati.