Barua kwa mpwa wangu anayeitwa na timu mbili za taifa

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia hulali vizuri tangu simu ya pili ilipoingia. Shirikisho moja la mpira linakutaka kwa kuwa umezaliwa na kukulia kwao, jingine kwa sababu ya babu yako. Na kwenye kundi la familia tayari wamekuita msaliti kabla hujafungua mdomo. Nimeona nikuandikie hadharani, maana vijana wenye mtihani kama wako ni wengi.

Ndugu zetu wanachanganya asili na uraia. Asili ni yako, hakuna wa kukupa wala kukunyang'anya, lakini haikuingizi uwanjani. Kinachokuingiza ni pasipoti. Babu anakufungulia njia tu: FIFA humruhusu aliyepata uraia mpya aichezee nchi hiyo ikiwa yeye mwenyewe, mzazi wake, babu au bibi yake alizaliwa huko, au ikiwa ameishi huko miaka ya kutosha. Na kama nchi mojawapo haikubali uraia pacha, kuchukua pasipoti ya huku ni kuiacha ya kule, hata kama jina la ukoo unabaki nalo.

Tena kila mchezo una mizani yake. Wilson Kipketer, mzaliwa wa Kenya, alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 1995 akikimbia kwa niaba ya Denmark. Mwaka uliofuata Olimpiki ya Atlanta ikampita, kwa sababu huko walitaka uraia kamili na yeye alikuwa bado hajaupata. Jezi ya Denmark iliyomtosha kuwa bingwa wa dunia haikumtosha hata kusimama kwenye mstari wa kuanzia. Hilo linaniuma hadi leo.

Kwenye mpira, cha kuogopa ni mechi ya mashindano. Ya kirafiki haikufungi. Iñaki Williams aliichezea Hispania mechi moja ya kirafiki mwaka 2016, na mwaka 2022 akaenda Kombe la Dunia na Ghana, nchi ya wazazi wake, huku mdogo wake Nico akienda na Hispania. Munir El Haddadi, mzaliwa wa Hispania mwenye asili ya Morocco, hakuwa na bahati hiyo. Septemba 2014, akiwa na miaka 19, Hispania ilimwingiza kipindi cha pili katika mechi ya kufuzu Euro, kombe la mataifa ya Ulaya. Akacheza dakika chache tu, na dakika hizo zikamfungia mlango wa Morocco. Alifika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, akashindwa, na Kombe la Dunia la 2018 akalikosa. Mwaka 2020 ndipo FIFA ilipolegeza: aliyecheza mechi zisizozidi tatu na timu ya wakubwa, za kirafiki zikiwemo, na ya mwisho ya mashindano akaicheza kabla ya kutimiza miaka 21, bila kugusa fainali za Kombe la Dunia wala za bara, anaweza kuhama baada ya miaka mitatu. Mwaka 2021 Munir akaivaa jezi ya Morocco. Mimi naona ilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo. Kijana wa miaka 19 akiitwa na kocha avue traki aingie, ataanzaje kuuliza kanuni?

Ila shika hili: ruhusa hiyo inataka uwe tayari na uraia wa nchi ya pili siku ile ulipocheza mechi yako ya kwanza ya mashindano. Pasipoti ikichelewa kwa wiki moja, hadithi inabadilika.

Kuhusu neno msaliti, mwaka 2016 kwenye Euro, Granit Xhaka aliichezea Uswisi dhidi ya kaka yake Taulant aliyekuwa na Albania. Mama yao alikaa jukwaani amevaa fulana iliyogawanywa katikati, upande bendera ya Uswisi, upande ya Albania. Nilimtumia mama yako picha ile. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza fulana kama hiyo inashonwa wapi.

Sitakuficha, moyo wangu unataka uichezee nchi ya baba yangu. Lakini miguu ni yako na miaka ya kucheza ni yako, kwa hiyo usinijumlishe kwenye hesabu.

Usijibu simu yoyote kwa sasa. Cheti cha kuzaliwa cha babu ninacho mimi, kimechakaa kwenye mikunjo ila tarehe na mahali vinasomeka. Jumamosi nakuja nacho. Wewe toa pasipoti yako na orodha ya mechi zote ulizocheza na timu za vijana, tukae tulinganishe tarehe.

Mjomba wako