Mabaki ya nguzo yasiingie kwenye majiko ya moshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie majiko ya kukaushia nyama kwa moshi, yale yanayotengenezwa kwa mapipa. Hapa Mafinga yanazidi kuongezeka, kando ya barabara kuu na uani kwa watu. Mimi ni fundi wa kuchomelea na ninayatengeneza. Nyama yake ni tamu, iwe kuku au kitimoto (nyama ya nguruwe), na vijana wanapata riziki. Kinachoninyima usingizi ni kuni.

Wilaya yetu, Mufindi, ni ya misindano na milingoti. Msitu wa Sao Hill uko kwetu, na viwanda vya kupasua mbao na kutia nguzo dawa ya kuzuia mchwa na kuoza viko kwetu. Mabaki hupatikana bure au kwa bei ndogo. Basi mtu analipia jiko imara, halafu anachochea vipande vya nguzo vyenye ule ukijani wa dawa. Dawa ya aina hiyo mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki. Aseniki ni sumu na moto hauiteketezi. Sehemu yake hupanda na moshi ikatua kwenye nyama, iliyobaki hukaa kwenye majivu, na majivu hayo kesho yake yanamwagwa kwenye bustani ya mboga. Mlaji haoni rangi wala hasikii harufu ya kumshtua.

Hata msindano ambao haukutiwa dawa haufai. Una utomvu mwingi, moshi wake ni mzito, nyama inapakwa masizi na kuwa chungu. Wakati huohuo mifyulisi na mipera iko kwenye mashamba yetu, inapogolewa, matawi yanatupwa! Tawi la mfyulisi lililokauka vizuri linatoa moshi mwepesi unaokaribia rangi ya samawati, na huo ndio moshi unaofaa kwa nyama. Moshi mweupe mzito maana yake kuni ni mbichi au jiko halipati hewa. Ndiyo maana kila jiko langu lina tundu la hewa chini, lenye kifuniko cha kusogeza, na bomba la kutolea moshi juu.

Kuhusu pipa lenyewe: nisipojua lilibeba nini, silipokei. Pipa la mafuta ya kula linafaa. Lililobeba dawa za shamba au kemikali za kiwandani halifai hata lichomwe mara ngapi. Lile linalofaa nalo huwa nalichoma kwanza kwa moto mkali, tupu, mpaka rangi yote ibabuke, kisha nalisugua kwa brashi ya waya. Wavu wa kuwekea nyama nautengeneza kwa chuma kisicho na mpako wa zinki. Mafundi wenzangu wanaijua homa inayompata mtu akichomelea mabati yenye mpako huo siku nzima. Zinki hiyohiyo huliwa na chumvi na ndimu ya kwenye nyama, kisha ikaliwa na mteja.

Jambo jingine ni mafuta ya nyama. Yakidondokea makaa, moshi wake unazaa benzopairini, ambayo inajulikana kusababisha saratani. Kanuni ya jumla ya Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2014, hairuhusu izidi mikrogramu 2 kwa kilo moja ya nyama ya moshi. Suluhisho lake si ghali. Zaidi ya miaka 50 iliyopita, wanawake wakaushaji samaki wa Chorkor, jijini Accra, walipata jiko la trei za kupangwa moja juu ya nyingine, ambalo linabana moshi na kuokoa kuni. Baadaye chuo cha uvuvi cha Thiaroye, Senegali, kwa kushirikiana na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kikaongeza sinia la kukinga mafuta kabla hayajafika motoni. Mimi naweka sinia la aina hiyo katika kila pipa, na sehemu ya moto naitenga pembeni. Gharama inayoongezeka ni kipande cha bati jeusi, lisilo na zinki, na nusu siku ya kazi.

Kwa wauza kitimoto naongeza hili: moshi hauui minyoo ya tegu. Joto ndilo linaloua, na nyama lazima iive hadi ndani. Msimwamini anayekata kipande cha juu kilichobadilika rangi akasema tayari.

Ombi langu ni kwa SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na maafisa afya wa kata. SIDO watuchoree ramani moja ya jiko salama, kwa Kiswahili na kwa vipimo vya pipa la lita 200, ibandikwe kwenye karakana. Maafisa afya, mnapokagua mabucha na vibanda vya nyama, inameni pia mtazame kuni zilizorundikwa nyuma ya jiko. Na wenye viwanda vya nguzo, tafadhali msigawe wala kuuza mabaki yaliyotiwa dawa kama kuni.

Kijana yeyote anayetaka kujifunza kutengeneza jiko hili aje karakana, nitamwonyesha bila malipo.

Fundi wa kuchomelea,
Mafinga, Iringa.