Barua kwa mwanangu: upepo wa pwani ya Iceland

Mwanangu mpendwa,

Nimeiona ramani yenu. Mnatoka Reykjavík kwa barabara namba 1, mnaifuata pwani ya kusini kupitia Vík hadi Höfn, halafu mnapanda na ghuba za mashariki. Maporomoko na mabarafu mtayaona wenyewe, hayahitaji barua. Nakuandikia habari ya upepo, kwa sababu wageni hufunga safari yote wakiogopa baridi na kumbe kinachovunja magari yao ni upepo.

Anza na mlango. Upepo ukitoka nyuma ya gari nawe ukauachia mlango, unaubeba hadi mbele kwa kishindo. Bawaba zinapinda, bati la ubavuni linabonyea, na kuanzia hapo mlango haufungi vizuri tena. Bima nyingi za magari ya kukodi hazilipi hasara hiyo, hata ile mliyoongezea pesa, kwa hiyo someni mkataba kabla ya kutia sahihi. Dawa yake ni kuegesha pua ya gari ikitazama unakotoka upepo, ili upepo uusukume mlango kujifunga badala ya kufunguka. Shusha kioo kidogo upime kwa mkono. Shika mlango kwa mikono miwili, fungua upana wa kiganja, tulia kidogo, ndipo utoke. Mmoja atoke na kufunga kwanza, mwingine afuate. Mkifungua pande zote mbili kwa pamoja, upepo utapita ndani na kuondoka na karatasi zenu.

Utabiri mtausoma vedur.is, hali ya barabara umferdin.is. Kasi ya upepo huandikwa kwa mita kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6 upate kilomita kwa saa. Mita 15 ni kilomita 54, na gari refu la kulala ndani hapo linaanza kuyumba. Mita 20 ni kilomita 72, na kwa gari la namna hiyo mimi ningebaki nilipo nikinywa chai. Ila msiishie kwenye wastani. Tazameni mikupuo, ambayo wenyewe huiita hviður, na ambayo vibao vya umeme kando ya barabara huionyesha pamoja na wastani. Upepo wa kaskazini hupanda juu ya milima na barafu, kisha huporomoka upande wa bahari kwa vipigo, hivyo mkupuo unaweza kuwa mara mbili ya wastani hata siku ya jua. Chini ya Eyjafjöll, huko Öræfi, na Hvalnes mbele ya Höfn ndiko kunakosifika kwa hilo. Unazunguka mlima kukiwa shwari, mara usukani unavutwa. Usiurudishe kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta, mikono miwili ishike imara. Ukipishana na lori jiandae pia, kwani linakukinga kwa sekunde moja tu, kisha upepo unakurudia wote.

Mýrdalssandur na Skeiðarársandur hamna pa kuzikwepa. Ni nyanda za mchanga mweusi ulioletwa na mito ya barafu. Barabara ya mzunguko, hiyo hiyo namba 1 inayoizunguka nchi, ilikamilika 1974 baada ya Skeiðarársandur kujengewa madaraja, na mafuriko ya 1996 yakabomoa baadhi yake. Vyuma vilivyopinda vimeachwa kando ya njia karibu na Skaftafell. Siku ya upepo mchanga huo husugua rangi ya gari na kukipiga kioo cha mbele hadi kikose nuru. Bima ya mchanga na majivu huuzwa peke yake, na kwa njia yenu hii nasema mnunue.

Ninyi mmezoea kuendesha kushoto, kule ni kulia. Kwa hiyo asiyeshika usukani asilale. Kazi yake ni kusema "kulia" kila mnapotoka kituo cha mafuta au kuingia kwenye mzunguko wa makutano, maana hapo ndipo mazoea humrudia mtu, na kusoma vibao. Einbreið brú ni daraja la gari moja: punguza mwendo mapema, anayelifikia kwanza ndiye anayepita. Malbik endar, lami inaishia hapo, na kwenye kokoto mwisho ni kilomita 80 kwa saa badala ya 90. Blindhæð ni kilima kisichoonyesha kinachokuja. Taa za mbele ziwake mchana na usiku. Kondoo akiwa upande mmoja na mwanawe ng'ambo, mhesabu kuwa mmoja wao atavuka mbele yenu.

Pampu nyingi hazina mhudumu na zinadai kadi yenye namba ya siri, hivyo mwambie mkwe wangu ahakikishe anaikumbuka yake. Mjaze tangi lifikapo nusu.

Reynisfjara, karibu na Vík, msiipe bahari mgongo. Mawimbi madogo yanaweza kupita kadhaa, kisha likaja moja linalopanda mbali kuliko yote na kurudi na mtu. Kuna taa za tahadhari njiani. Ikiwa nyekundu msishuke ufukweni.

Baada ya Djúpivogur simu itawashawishi kukata kwa barabara 939, Öxi, kwa kuwa ni fupi. Ni ya kokoto, ina miteremko mikali, na ukungu hukaa huko juu. Bakini na namba 1, ambayo tangu 2017 inapita pwani kwenye ghuba.

Sasa la vyumba. Msilipie usiku wote kwa bei isiyorudishwa. Pesa ya chumba cha Höfn ndiyo inayowasukuma watu kuondoka Vík kibao kikisoma mikupuo ya mita 30. Acheni usiku mmoja mtupu, pengine Kirkjubæjarklaustur, ambayo iko katikati ya nyanda hizo mbili. Na mkubaliane kabla ya kuwasha gari: anayetamka "turudi" kwanza ndiye anayesikilizwa, yule mwingine asiulize sababu mpaka mmeshaegesha.

Siku ya kuchukua gari, kila mlango upigwe picha ukiwa wazi, bawaba zionekane, na kioo cha mbele kipigwe kwa karibu. Mnitumie nakala.

Mama yako